Kangaja na Majirani Zake

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Dada yangu mpendwa Praxeda,

Shikamoo, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba goti lako la kushoto limetulia tangu ulipoacha kubishana nalo ukaanza kulichua kwa mafuta. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Ritha anakusalimu sana, na anasema ndizi ulizotuma zilifika salama, ingawa ana shaka kwamba kondakta alionja mbili tatu njiani. Mimi pia sijambo, ila mgongo, na sababu yake utaisoma mbele. Ninakuandikia kwa kalamu na karatasi kwa kuwa simu yako, kama ilivyo desturi, imezimwa na kufungiwa kabatini ili isichakae.

Dada, kama umesimama, tafuta kigoda uketi. Kwa heshima na taadhima, mbele yako na mbele ya ukoo wote wa marehemu baba, walioko Maramba na waliotawanyika, ninatangaza kwamba juzi Ijumaa, saa nne asubuhi, samaki mmoja wa jamii ya kangaja, mwenye rangi ya buluu, urefu wake kiganja kimoja, mkazi wa Ngamiani, ametimiza siku sitini bila kumpiga mtu. Hakuna majeruhi. Hali ni shwari, na wananchi wanaendelea na shughuli zao.

Najua unacheka. Cheka, nimekuruhusu. Lakini kwa tangazo hilo dogo mdogo wako ameponea aibu ambayo ingemrudisha Maramba na sanduku begani, nawe ungempokea kituo cha basi kwa upendo wote, jembe likiwa mkononi. Nisingekulaumu. Wewe ndiye uliyewazika sungura wangu thelathini, ukala uyoga wangu mmoja tu uliowahi kuota, na ukakimbizwa na nyuki wangu mpaka nyumbani kwa katekista. Ukiniambia sijawahi kukimaliza kitu nilichokianza, sina shahidi wa upande wangu. Safari hii ninaye, na yumo majini.

Bwana Kutbuddin unamkumbuka: ndiye mwenye duka la vioo na vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani, yule aliyekuuliza, siku ulipokuja kununua bawaba za mlango, kama nyumbani kwenu nako ni watu wa duka, maana hajawahi kubanwa bei vile. Mwaka jana mteja mmoja aliagiza vioo vinene kama vidole viwili, kisha akabadili mawazo. Vioo vikabaki vimeegemea ukuta wa ua, vikimtazama Bwana Kutbuddin kila asubuhi, naye si mtu wa kuvumilia kutazamwa na mali iliyokaa bure. Akaviunga vikawa tangi la samaki, urefu wake hatua tano zangu, akaliweka kwenye ukumbi wa chini, pale wateja wanapongojea kukatiwa vioo. Ni pale pale anaposhinda mama yake, Bi Mehrunissa, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa. Miaka miwili iliyopita alipatwa na kiharusi. Tangu hapo hushushwa asubuhi na kiti chake na kupandishwa jioni, na mchana kutwa alikuwa akitazamana na ukuta. Mwanawe alisema bora atazamane na bahari.

Akauliza dukani ni nani anayejua kupima chumvi ya maji. Mimi nilikuwa pale nimefuata skrubu nne. Miaka ishirini na miwili nimetunza maabara ya shule, kazi yangu kubwa ikiwa kuosha mirija ya vioo na kuificha spiriti isionwe na wanafunzi. Lakini kupima chumvi, nimepima. Nikasema ninajua. Neno hilo moja ndilo lililouvunja ustaafu wangu. Tangu siku hiyo akaniita Mwalimu, nami sikumsahihisha.

Majuma sita ya mwanzo tangi lilikuwa na maji ya bahari na mawe, basi. Nilikuwa nimesoma kwamba maji mageni hayapokei samaki. Yanataka yakomae kwanza, kama chungu kipya kinavyopikiwa uji kabla hakijaaminiwa mchuzi. Wateja wakawa wanauliza Bwana Kutbuddin siku hizi anauza nini humo. Hatibu, mzamiaji wa Moa mwenye kibali cha kukamata samaki wa mapambo, alikuja kupaona, akazunguka tangi zima mikono nyuma, akaniambia eti mjomba, nimeona watu wakifuga kuku, njiwa, hata kobe, ila mfuga mawe ndiyo kwanza nakuona wewe.

Kisha yakaja matumbawe. Usifikirie yale magumu ya kuchomea chokaa. Haya ni laini, yanayumba na maji, na akina mama wa huko huko Moa huyapanda juu ya vigae kwa kibali. Mengine yamekaa kama uyoga, mengine kama masikio ya tembo yaliyokunjwa, na yapo ya kijivu yenye vidole vingi ambayo kazi yake ni kufumba na kufumbua, kufumba na kufumbua, kama viganja vya mtoto mchanga anayeota ananyonya. Siku yalipoingia, Bi Mkubwa alikitazama kiti chake, akatutazama sisi, akakitazama tena kiti, mpaka tukaelewa kwamba anataka kisogezwe karibu na kioo.

Hapo ukafika wakati wa kuchagua samaki, na vita vyangu na Bwana Kutbuddin vikaanza. Yeye huchagua samaki kama anavyochagua pazia. Ritha naye, alipoulizwa, alisema tuweke changu na chafi, ili wakifa tuwe na cha kutia nazi. Mimi nikaeleza kwa sauti ya kitaalamu kwamba tangi la matumbawe laini lina sheria mbili: usimtie anayeila nyumba, na usimtie anayewala wapangaji. Bwana Kutbuddin alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema anamtaka kitatange. Alikuwa amemwona kwenye picha: wa njano, jicho limepakwa wanja mweusi, midomo imechongoka kama ya mtu anayepuliza chai ya moto. Ni mzuri, siwezi kukataa. Nilichopaswa kufanya ni kujiuliza midomo ile ilichongwa kwa kazi gani. Badala yake nikakubali, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kuitwa Mwalimu na niliogopa kuwa mwalimu mkorofi.

Hatibu akaleta kitatange wawili kutoka Moa, ndani ya ndoo zenye mifuniko, nyuma ya bodaboda, amezikumbatia njia nzima kama mtu anayesindikiza keki ya harusi. Walikula vizuri sana. Walikula asubuhi, mchana na jioni, na sisi tukawasifu kwa hamu yao, mpaka siku ya nne tulipoona vile viganja vya mtoto vimefumba na havifumbui. Niliwaambia watu matumbawe yamepumzika. Siku ya tano nilipoona kitatange mmoja akimng'oa mpumzikaji kidole, nikafunga mdomo na kutafuta wavu. Kuwatoa kulinichukua siku mbili: samaki wawili, mtu mzima mmoja, nyavu tatu. Mgongo niliokutajia ulianzia hapo. Hatibu aliwarudisha baharini, akaniachia salamu kwamba kule Moa hata mtoto anajua kitatange hula mwamba, ila hakutaka kumwingilia msomi.

Nikaona sasa nichague mwenyewe, nioshe jina. Nikachagua kangaja wa buluu, yule mwenye pezi la njano mgongoni na koo jeupe, mla mwani, asiyegusa matumbawe hata kwa bahati mbaya. Uchaguzi ulikuwa sahihi na mpaka leo ninausimamia. Kosa lilikuwa la malezi. Wewe na mimi tumelelewa na mama yetu kwamba mgeni wa maana hangojeshwi mlangoni. Huingizwa kwanza, hupewa chumba cha mbele, kiti chenye mto na paja la kuku. Basi nikamkaribisha kangaja peke yake, kabla ya wote, nikamwachia tangi zima. Majuma mawili akala mwani wake kwa utulivu, akalala kwenye pango kubwa kuliko yote, na asubuhi na jioni akapita akikagua, kama mwenye nyumba anayengojea wapangaji wafike awasomee masharti.

Walipofika alikuwa tayari. Walikuwa kumi na tisa: wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mke na mume, kundi la wadogo wa buluu na wa waridi wanaotembea pamoja kama wanafunzi wa bweni, na mmoja mrefu wa mchangani, ambaye huishi shimo moja na kamba mdogo asiyeona mbali. Kamba huchimba, samaki hulinda mlango, na kila mmoja humwona mwenzake ndiye mwenye bahati. Wote wapole, wote wasiogusa matumbawe. Sasa kangaja ana wembe kila upande wa mkia, dada, na hakuuleta kwa mapambo. Kufika Ijumaa wanne walikuwa wamekufa, na waliobaki wamejibana nyuma ya bomba la pampu, mapezi yamechanika, kama watu waliokimbilia barazani wakati wa mvua.

Bwana Kutbuddin hakugomba. Angegomba ningepata nafuu. Alisema kwa upole kabisa kwamba, Mwalimu, tumejaribu, na Mungu anajua tumejaribu. Akifa mmoja tena kabla ya mwisho wa mwezi atalikausha tangi, apange ndani yake mabomba na masinki ya kuonyesha wateja, na mimi nitapata nafasi ya kupumzika. Kupumzika, dada. Nililiona jembe lako kwa macho yangu.

Sasa sikiliza jinsi mdogo wako alivyoinuka. Nilikaa nikafikiri. Nikazikumbuka nyumba zetu hizi za Ngamiani, vyumba sita na ua mmoja, ambamo mpangaji wa kwanza kuhamia ndiye hujifanya mwenye nyumba, na hata kamba ya kuanikia nguo ni yake. Nikaujua ugonjwa papo hapo: tatizo si kangaja, ni zamu ya kuingia. Nikamtoa, nikamweka peke yake uani katika pipa la maji ya bahari, na pampu yake ya hewa. Nikayahamisha mawe yote ya tangini. Palipokuwa na pango pakawa na mchanga, palipokuwa na mchanga pakawa na kilima. Nikawapa wadogo majuma matatu ya kuchagua vyumba. Mwani nikaufunga mahali patatu badala ya pamoja. Halafu, wa mwisho kabisa, nikamrudisha kangaja.

Ungekuwapo uone. Aliingia kifua mbele, akaenda moja kwa moja lilipokuwa pango lake, akakuta mchanga mtupu. Akageuka upande wa pili, akawakuta wale mke na mume wa rangi ya chungwa wamesimama mlangoni kwao wakimtazama bila kusogea. Akazunguka tangi mara tatu. Sijawahi kumwona samaki anayetafuta maneno, lakini yule alikuwa akiyatafuta. Kufika jioni alikuwa amejipatia nafasi pembeni, chini ya jiwe la wastani, na kesho yake asubuhi akala mwani bega kwa bega na watoto wa bweni. Tangu siku hiyo ni siku sitini na mbili hadi leo, na hajafa hata mmoja. Matumbawe yamefumbua yote, mengine yamezaa.

Na mwezi wa kwanza ulipotimia, sherehe ikafuata. Bwana Kutbuddin aliwaalika wanafunzi wa shule mbili, majirani, ndugu zake, na bwana mmoja wa idara ya uvuvi aliyekuja kukagua vibali akabaki kutazama kwa saa nzima kofia mkononi. Hatibu alivaa shati la mikono mirefu, akawaeleza wanafunzi ni samaki yupi alimkamata wapi, na hakunitania hata mara moja, jambo lililonipa wasiwasi. Halafu Bwana Kutbuddin akasimama, akasema kwamba tangu leo huyu si Mwalimu tena, ni Profesa, na kwamba Tanga ina watu wenye akili zilizokaa kimya tu kwa kukosa wa kuziuliza. Watu wakapiga makofi, dada. Makofi marefu. Nikainama kidogo, kama ninavyomwona Baba Askofu akiinama.

Hapa ndipo ningependa kuaga. Lakini juma lililopita imenifikia barua yako, kwamba habari zangu umeshazisikia kwa watu wa basi, na kwamba umetoa shukrani kanisani, na jina langu likasomwa mbele ya waumini kwa ajili ya akili alizojaliwa ndugu yetu Ernesti. Niliisoma nimesimama, nikaketi. Makofi ya ukumbini nilikuwa nimekwisha kuyazoea. Ya altareni yamenishinda.

Basi, dada, chukua kalamu, rudi nyuma kwenye ile aya isemayo nilikaa nikafikiri, uipige mstari. Kukaa nilikaa. Kufikiri hakukuwapo. Nimekuandikia kwanza vile nilivyowasimulia watu wote, ili uone habari ile ilivyo tamu na usinihukumu upesi kwa kuipenda. Sasa nakuandikia ilivyokuwa.

Ijumaa ile ya maiti wanne nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilikuwa nimemwambia Hatibu aje kesho yake na ndoo, awachukue waliobaki awarudishe baharini, nami niage kabla sijaagwa. Bwana Kutbuddin alikuwa amekwenda msikitini, duka limefungwa, ukumbini tumebaki mimi na Bi Mkubwa. Jiwe moja kubwa liliteleza. Nikapanda stuli, nikatumbukiza mikono yote miwili mpaka mabegani, nikalidaka. Na nikawa nimenasa, kwa maana nikiliachia linaponda matumbawe, na wa kunisaidia hayupo.

Hapo Bi Mkubwa akasema: huyu.

Inakupasa ujue kwamba tangu alipougua, maneno yake hutoka moja moja, na kati ya neno na neno unaweza kwenda dukani ukarudi. Nyumbani kwake wanampenda, na kwa kumpenda humsaidia: akisema maji, huletewa gilasi kabla hajafika kwenye jambo alilotaka kusema kuhusu maji. Mimi sikuwa bora kuliko wao. Miezi minne nilikuwa nikimwitikia ndiyo Bi Mkubwa, huku nimeshampa mgongo. Siku ile sikuweza kuondoka. Nilikuwa nimeshika jiwe. Nikangoja, naye baada ya kitambo akasema: aliingia. Nikangoja tena. Akasema: kwanza.

Alizungumza karibu saa nzima. Aliniambia kwamba alipoolewa aliletwa katika nyumba ya ndugu watatu, jiko moja, na mke wa kaka mkubwa ndiye aliyetangulia kuingia. Yule bibi alijua kila chungu kilipo, na asiyejua alizabwa kwa ulimi. Wadogo wakawa wanakula wamesimama nyuma ya mlango. Mama mkwe wao hakumgombeza mtu. Alimpeleka yule mkubwa kwao Pangani akatembee mwezi mmoja, na nyuma yake akahamisha majiko, makabati, masinia, kila kitu, akawaambia wadogo wapange wapendavyo. Aliporudi, ilimbidi aulize chumvi iko wapi. Na Bi Mkubwa akaniambia, neno moja moja, kwamba anayeuliza chumvi iko wapi hawezi kulitawala jiko. Akaongeza kwamba yule bibi hakuwa mbaya. Alikuwa amewahi kufika tu. Walizeeka pamoja wakipendana kama tumbo moja.

Kisha akanipangia. Kangaja atolewe. Mawe yahamishwe. Wale wa chungwa wapewe kona ya kushoto, kwa sababu ndiko walikojaribu kukimbilia kila asubuhi. Chakula kitengwe masinia matatu, maana sinia moja kwa wenye njaa ni ugomvi. Yote hayo alikuwa ameyaona kwa kutazama tu, kutwa nzima, wakati sisi tunasoma. Hata habari ya kitatange aliijua siku ya kwanza. Alisema anakula, na mkwe wake akamjibu ndiyo mama, anakula vizuri, mashallah.

Mimi nilifanya kama nilivyoagizwa, na nilipoulizwa nimeyajulia wapi, nikatunga habari ya vyumba sita na ua mmoja. Hakuna aliyenishawishi. Bi Mkubwa hakuniomba nifiche. Siku ya sherehe alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, na watu walipopiga makofi naye alipiga, kwa mkono wake mmoja mzima juu ya paja lake. Niliusikia ule mkono kuliko mingine yote, na bado nikainama.

Alhamisi, barua yako ikiwa mfukoni, nikamwendea Bwana Kutbuddin nikamweleza. Alicheka. Alisema wasomi wa kweli ndivyo walivyo, hawapendi sifa, na akaniambia nisimtie mama maneno mdomoni, maskini, siku hizi hata chai hushindwa kuiomba vizuri. Nikaona kwa maelezo sitamweza. Nikamwomba anisaidie kushika jiwe moja tangini, linateleza. Akavua pete na saa, akakunja mikono ya shati, akapanda stuli, akatumbukiza mikono mpaka mabegani. Kisha nikamwambia Bi Mkubwa kwamba mwanawe yupo na hana haraka.

Bi Mkubwa akasema: chai. Bwana Kutbuddin akageuza shingo amwite mtu alete chai. Nikamwambia jiwe, bwana, jiwe. Mama yake akasema: yenu. Akasema: ina sukari. Mwanawe akauliza kama ni kidogo, aongezewe. Nikamwambia alishike kwa mikono miwili. Mama akasema: nyingi. Miaka miwili.

Wateja wawili wakaingia na vipimo vyao vya madirisha vimeandikwa kwenye karatasi, wakaona hali ilivyo, wakakaa. Bi Mkubwa akahama kutoka kwenye sukari kwenda kwenye samaki, na kutoka kwenye samaki kwenda kwenye jiko la zamani, na mtu mzima wa miaka hamsini na minane, mkuu wa ukoo, akasimama juu ya stuli, maji yamempanda mpaka kifuani mwa shati, akisikiliza. Alipofika kwenye chumvi, Bwana Kutbuddin alicheka, kisha akaacha. Yule bibi wa Pangani ndiye aliyembeba yeye mgongoni alipokuwa mtoto, na hakuwahi kuambiwa habari hiyo. Hakuwahi kukaa mpaka mwisho wa sentensi.

Mama yake alipomaliza, aliniuliza kwa sauti ndogo kama sasa anaweza kuliachia jiwe. Nikaona nimeshasema kweli nyingi siku ile, moja zaidi haitaniua. Nikamwambia lile jiwe halikuwa likiteleza, limekaa imara tangu siku nilipoliweka.

Hakutoa mikono. Alimgeukia mama yake, akamuuliza kama lipo neno jingine.

Basi, dada, mpelekee Padre salamu zangu na umwombe, akiona inafaa, arekebishe lile jina lililosomwa kanisani. Wasalimie watoto na majirani wote, na wewe mwenyewe upokee salamu za Ritha na za Hatibu, ambaye sasa ananiita Profesa kila anaponiona, akijua yote.

Mungu akuweke.

Ni mimi mdogo wako,
Ernesti
Mtunza tangi